Daftari langu la shukrani limekuwa mzigo

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, na nafanya kazi ya hesabu ofisini. Nyumbani kuna amani. Hakuna anayeumwa, deni tulilokuwa nalo tumelimaliza, na mume wangu si mtu wa kelele. Nikiyapanga mambo hivi naona kabisa kwamba nina kila sababu ya kufurahi. Lakini sifurahi. Siwezi kusema nimepatwa na jambo, ila siku zote zimekuwa za rangi moja: naamka, nawatayarisha watoto, nakwenda kazini, narudi, nalala.

Rafiki yangu alinishauri niwe na daftari la shukrani. Kila usiku kabla ya kulala naandika mambo matano. Mwanzoni nilipenda. Sasa imepita miezi, na ukilifungua utadhani nimenakili ukurasa mmoja: afya, watoto, kazi, nyumba, mume. Naandika huku macho yanafumba, na moyoni hakuna kinachosogea. Juzi bosi alinikaripia mbele ya wenzangu kwa kosa ambalo halikuwa langu. Usiku nikaandika "nashukuru kwa kazi yangu", nikazima taa, nikakesha nikiyarudia maneno yake kichwani.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi ninavyochukuliwa. Mume wangu anasema mimi siridhiki. Mama mkwe ananiambia nifikirie waliolazwa hospitalini. Nikiwafikiria nawaonea huruma, kisha najilaumu kwamba sina shukrani. Watoto wakicheza nawatazama tu, siingii tena kwenye michezo yao kama zamani.

Shangazi, je, nina kasoro? Niendelee na daftari au niliache? Na mtu ambaye maisha yake hayana tukio kubwa, furaha ya kila siku anaipata wapi?

Asiyeridhika

*

Marahaba binti yangu,

Huna kasoro, na hilo jina ulilojipa mwishoni mwa barua lifute. Umefanya kazi ya miezi kwa njia iliyokosewa, na njia inarekebishika.

Kabla ya daftari, elewa kwanza kwa nini mema yako hayakugusi. Ya kwanza ni mazoea. Mwaka 1971 wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell walieleza kwamba binadamu huzoea hali yake, nzuri au mbaya, kisha hurudi karibu na pale alipokuwa kimoyo. Deni lenu lilipokwisha ulipumua. Baada ya muda kutodaiwa kukawa hali ya kawaida tu, na akili haina desturi ya kukutangazia hali ya kawaida. Ya pili ni kwamba baya hushika kuliko jema. Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi mwaka 2001, za ndoa, za hisia, za kumbukumbu, za namna tunavyowapima watu, na karibu kila mahali walikuta jambo baya likiacha alama kubwa kuliko jema la ukubwa uleule. Ndiyo maana maneno ya bosi yalikukesha, na "nashukuru kwa kazi yangu" haikuweza kuyafuta. Hilo lingempata yeyote.

Sasa kuna jambo moja nataka ulijibu kwa ukweli kabla hujasoma zaidi. Umesema watoto unawatazama tu. Je, kwa wiki mbili au zaidi, sehemu kubwa ya siku na karibu kila siku, umekuwa na moyo mzito au umepoteza hamu ya vitu ulivyovipenda? Ongeza haya: usingizi umeharibika, hamu ya kula imepungua au imezidi, unachoka bila kazi, unajiona hufai, unashindwa kutuliza akili kwenye jambo moja. Ukikuta kadhaa kati ya hayo, nenda kwa daktari na umweleze hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Daftari si tiba yake. Mwaka 2021 David Cregg na Jennifer Cheavens walikusanya majaribio mengi ya mazoezi ya shukrani na kuona kwamba kwa dalili za sonona na wasiwasi msaada wake ni mdogo. Na ikiwa mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa yamekupitia hata mara moja, usisubiri kumaliza barua hii: mwambie mtu aliye karibu nawe leo na mwende pamoja kutafuta msaada.

Ikiwa hayo hayakuhusu, tulifungue daftari.

Kosa la kwanza ni upana wa maneno. "Watoto" ni neno ambalo akili haiwezi kuliona. Halina sura, halina sauti, halina saa. Ukiliandika mara ya kwanza linakuletea picha kwa sababu ni jipya. Likirudi mara nyingi linakuwa kichwa cha habari kisicho na habari. Tuchukue mstari wako huohuo tuuandike upya:

"Leo asubuhi mdogo alivaa viatu mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto. Alisimama, akavitazama, akacheka kwa sauti kisha akaninyooshea mguu nione. Alivaa mwenyewe kwa sababu dada yake amekuwa akimwonyesha jioni, bila mtu kumtuma. Nisingeinua kichwa kutoka kwenye mkoba wangu nisingekiona."

Hapo kuna mambo manne: kilichotokea, undani mmoja wa kuonekana au kusikika, mkono uliosababisha, na jinsi ambavyo kingeweza kukupita. Mstari wa sababu ndio unaorukwa na wengi, na ndio wenye uzito. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwapa watu zoezi la kuandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri kila usiku kwa wiki moja, na kila jambo liambatane na sababu yake. Miezi sita baadaye furaha yao ilikuwa bado juu kuliko mwanzo na dalili za sonona zilikuwa chini, hasa kwa wale walioendelea na zoezi kwa hiari yao. Sababu hufanya kazi kwa njia rahisi: inakulazimisha umwone mtu fulani, au uamuzi wako mwenyewe, nyuma ya jambo jema. Ukijikuta unaandika "ni bahati tu", rudi utafute zaidi. Mara nyingi kuna aliyeamka mapema, aliyekumbuka, aliyenyamaza ilipofaa, au ni wewe uliyejitahidi.

Kosa la pili ni idadi na wingi wa mara. Mambo matano kila usiku kwa miezi ni mengi mno. Sonja Lyubomirsky, Kennon Sheldon na David Schkade waliripoti mwaka 2005 kwamba watu waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki, kwa wiki 6, furaha yao iliongezeka. Waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakupata faida hiyo. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni yaleyale ya mazoea: zoezi lenyewe linazoeleka. Hata jaribio la Robert Emmons na Michael McCullough la mwaka 2003, ambalo ndilo lililoyatia nguvu madaftari haya, kundi lake la kwanza liliandika mambo hadi matano mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Daftari la kila usiku bila mwisho ni mazoea yaliyokuja kuongezwa na watu baadaye.

Utaniuliza, mbona wale wa Seligman waliandika kila usiku? Waliandika wiki moja tu. Mimi nakushauri uchukue yote mawili kwa mpangilio huu. Pumzika kabisa wiki mbili, usiandike chochote. Kisha andika usiku 7 mfululizo, mambo matatu, kwa ajili ya kuyafundisha macho yako kutafuta mchana kile utakachokiandika. Baada ya hapo hamia siku moja kwa wiki, dakika 15, mambo matatu, kila moja sentensi tatu au nne. Jambo lililokwisha kuandikwa halirudi, isipokuwa limekuja na undani mpya. Ukikosa wiki, usilipe deni la wiki iliyopita. Endelea na hii.

Kosa la tatu ni saa. Unaandika macho yakifumba. Akili iliyochoka huchukua neno lililo karibu, na neno lililo karibu ni "afya". Sogeza zoezi mahali ambapo bado una nguvu: baada ya watoto kulala na kabla hujakaa kitandani, au asubuhi ya siku usiyokwenda kazini. Kaa mezani. Simu iwe chumba kingine.

Lakini simu hiyohiyo, au kikaratasi mfukoni, itakufaa mchana. Mambo madogo mema hayafiki jioni. Yanasahaulika ndani ya saa chache, wakati la bosi linafika jioni likiwa zima. Kwa hiyo likitokea, andika maneno mawili au matatu palepale: "viatu, kucheka". "Mlinzi alishika lango". "Hesabu ililingana mara ya kwanza". Usieleze. Siku ya kuandika ikifika una orodha, na unachagua matatu yenye uhai zaidi badala ya kukamua kumbukumbu.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani katika barua yako, ila huwapata wengi wakianza kuandika kwa undani, nami sitaki likukute. Mtu anaandika: "Nashukuru leo mume wangu hakuchelewa." Lisome tena. Hilo ni lalamiko la siku zote nyingine. Ukikuta sentensi yako ina "leo angalau" au "hatimaye" au "hakufanya", iweke pembeni kama jambo la kuzungumza, kisha tafuta jambo alilolifanya, si alilojizuia kulifanya.

Siku mbaya nazo zina utaratibu wake. Ule usiku wa bosi hukutakiwa kuandika shukrani kabisa. Ukimwaga shukrani juu ya hasira, hasira inabaki chini yake ikisubiri taa izimwe. Andika kwanza jambo lenyewe kwa mistari mitatu: kilichotokea, kilichoniuma hasa, nitakachofanya kesho. Kwa mfano: "Nimekaripiwa mbele ya watu kwa hesabu iliyoingizwa na mwingine. Kilichoniuma ni kwamba hakuniuliza kwanza. Kesho saa nne nitaomba dakika tano ofisini kwake, niende na karatasi inayoonyesha nani aliingiza nini na lini." Mstari wa tatu ndio unaoipa akili ruhusa ya kulala, kwa kuwa jambo sasa lina mahali na saa. Na nenda kweli. Shukrani haikutaki uvumilie kudhalilishwa. Mtu anaweza kuithamini kazi yake na papo hapo kudai aheshimiwe kazini. Wanaotumia neno "shukuru" kumnyamazisha aliyeonewa wanakosea sana, na hilo nalisema bila kupunguza.

Nije kwa mama mkwe. Sidhani ana nia mbaya. Anachokushauri wengi wanakishauri, na kinatoa nafuu ya muda mfupi, lakini umeeleza mwenyewe kinavyoishia: huruma, kisha hatia, na kwa wengine hofu kwamba kesho ni zamu yao. Tena kinawageuza wagonjwa kuwa kipimo cha raha zetu. Ukiwafikiria wagonjwa, nenda ukawatazame au wasaidie; usiwatumie kujipima.

Kuna njia bora ya kuona thamani ya ulichonacho, nayo ni kukiondoa kwa mawazo. Minkyung Koo, Sara Algoe, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walichapisha kazi yao mwaka 2008: watu walioandika jinsi ambavyo wangeweza wasikutane kabisa na wenzi wao walijisikia kuridhika zaidi na uhusiano wao kuliko walioandika jinsi walivyokutana. Hadithi ya "tulikutana hivi" umeisimulia mara nyingi mpaka imekuwa kama ilipaswa iwe hivyo. Hadithi ya "tungeweza kupishana" inaufanya uhusiano uwe wa kushangaza tena.

Lifanye hivi, mara moja kwa mwezi, dakika 10. Chagua jambo moja tu: mume, rafiki, kazi, nyumba mnayokaa. Andika lilianzaje kwa mistari miwili. Kisha orodhesha mambo manne au matano ambayo yangetokea tofauti lisingeanza: ungechelewa siku ile, tangazo la kazi usingelisoma, mtu aliyewakutanisha angesafiri. Halafu andika kidogo jinsi wiki yako hii ingekuwa bila jambo hilo, kwa vitu vya kawaida kabisa: nani angekuwa mezani, ungempigia nani simu, ungepita njia gani. Weka kalamu chini na utazame lilivyo sasa.

Panapoharibika ni hapa: mtu mwenye wasiwasi huanza kufikiria jambo likiondoka, mume akifa, kazi ikipotea. Hiyo ni hofu na itakuumiza. Fikiria lisingeanza, si kwamba litaisha. Ukiona mawazo yanateleza kwenda kwenye msiba, acha siku hiyo na chagua kitu chepesi zaidi mwezi ujao, kama kozi uliyosoma au mtaa mnaoishi.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa: furaha ya kila siku anaipata wapi mtu asiye na tukio kubwa? Anaipata kwenye vitu vinavyochukua sekunde 20, na taabu ni kwamba wakati huo akili huwa haipo. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwafuatilia watu wazima 2,250 kwa simu, wakiwauliza saa mbalimbali za siku wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, mawazo yao yalikuwa kwingine, na kwa kawaida walikuwa na furaha ndogo zaidi mawazo yalipozurura kuliko yalipokuwa kwenye walichokuwa wakikifanya. Hata waliozurura kwenye mawazo mazuri hawakuwa na furaha kuliko waliotulia kwenye kazi iliyo mikononi.

Usijaribu kutulia siku nzima, hakuna anayeweza. Chagua vituo vitatu vilivyo tayari ndani ya siku yako: maji yanapokugusa mara ya kwanza ukioga, hatua za kwanza nje ya mlango asubuhi, na mtoto anapokukimbilia ukirudi. Kwenye kila kituo simama au punguza mwendo, chagua mlango mmoja wa fahamu, ukae nao kwa pumzi tatu. Majini, joto linapofika kwanza mabegani. Nje, hewa usoni na sauti ya mbali kuliko zote unazosikia. Kwa mtoto, uzito wake anapokuegemea na harufu ya nywele zake. Mkoba uwe umeshawekwa chini, usimkumbatie kwa mkono mmoja.

Kuna swali moja linaloua zoezi hili: "Je, sasa nafurahi?" Jonathan Schooler, Dan Ariely na George Loewenstein walionyesha mwaka 2003 kwamba watu waliosikiliza muziki huku wakijitahidi wafurahi, hawakufaidi kama waliosikiliza tu. Ukijipima unatoka ndani ya jambo na kusimama pembeni kama mkaguzi, na wewe mtu wa hesabu una uzoefu mwingi wa kukagua. Swali la kujiuliza ni "Naona nini? Nasikia nini?" Furaha ikija, ije yenyewe. Isipokuja, umeoga vizuri.

Na michezo ya watoto: usisubiri hamu. Ingia dakika 10 kwa siku, mchezo wachague wao, wewe ufuate amri zao. Usifundishe, usipange vitu, usiangalie saa. Weka kengele ya simu ikulindie muda. Hamu mara nyingi huja baada ya mwili kuanza, na kwa mtu aliyechoka dakika 10 zenye mwisho unaojulikana ni rahisi kuingia kuliko "kucheza na watoto" kusiko na mpaka.

Lenye nguvu kuliko daftari lolote ni kumshukuru mtu mwenyewe. Katika utafiti uleule wa Seligman wa 2005, walioandika barua ya shukrani kwa mtu ambaye hawakuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha wakaipeleka wenyewe, ndio waliopanda furaha zaidi ya mazoezi yote yaliyojaribiwa. Nguvu hiyo ilionekana hata mwezi mmoja baadaye, ingawa kufikia miezi mitatu ilikuwa imeisha. Kwa hiyo barua moja haitoshi maisha yote. Nakushauri moja kila miezi miwili au mitatu, kila mara kwa mtu mwingine.

Ukurasa mmoja unatosha, na uwe na vitu vitatu: alichofanya, kilimgharimu nini, na kimekufikisha wapi. Linganisha "Asante kwa kila kitu ulichonifanyia" na hii: "Nilipokuwa natafuta kazi ulisoma barua yangu ya maombi usiku, na wewe ulikuwa na mtihani kesho yake. Uliniambia nifute aya ya kwanza yote kwa sababu nilikuwa naomba msamaha kabla sijakosa. Mpaka leo nikiandika barua ya kazi naisoma aya ya kwanza kwa macho yako." Ya kwanza inaweza kutumwa kwa yeyote. Ya pili ina mtu mmoja tu duniani.

Usiongeze ombi ndani yake, hata dogo, maana litaonekana ndilo shabaha. Usijaze kurasa kwa kuomba radhi kwamba umechelewa kushukuru. Sentensi moja yatosha. Kama unaweza, msomee ana kwa ana, polepole. Utaona haya, na utafikiri atashangaa au ataona umezidisha. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwapima waandishi wa barua kama hizi mwaka 2018 wakakuta wanakosea kwa namna moja: wanadhani mpokeaji ataona ugeni mwingi kuliko anavyouona kweli, na wanadhani atafurahi kidogo kuliko anavyofurahi kweli. Kinachowasumbua waandishi ni kama maneno yamepangika vizuri. Mpokeaji anagusika kwamba kuna mtu alikumbuka.

Kwa mume wako anza na kitu kidogo zaidi ya barua. Mara moja kwa siku mshukuru kwa tendo moja alilofanya siku hiyo, na mtaje yeye, si faida yako tu. "Asante, nimepumzika" ni nzuri. "Asante, umeona nimechoka ukawaogesha watoto kabla sijasema, wewe una jicho" ni bora, kwa sababu inamwonyesha kwamba umemwona. Kisha siku mkiwa mmetulia, mweleze kuhusu lile neno lake. Mwambie hivi: "Ukisema siridhiki nasikia kwamba nimekushinda. Ukweli ni kwamba nimezoea mpaka sioni, na ninajifundisha kuona tena. Nisaidie: jioni niambie jambo moja zuri lililokutokea leo na nani alilisababisha, nami nikwambie langu." Dakika tano kwa wote wawili zinatosha. Mkwe wako naye anaweza kuulizwa swali hilohilo badala ya kubishana naye juu ya wagonjwa. Huenda akawa na majibu mazuri kuliko sisi sote.

Jambo dogo la mwisho kuhusu mazoea: unachokipenda, kikatekate. Leif Nelson na Tom Meyvis walionyesha mwaka 2008 kwamba raha iliyokatizwa kidogo, kama kukandwa mwili kwa vipindi viwili badala ya kimoja, hupendeza zaidi kuliko inayoendelea moja kwa moja. Kama kuna kipindi unachokitazama kila usiku mpaka unasinzia, tazama nusu leo na nusu kesho.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki mbili za kwanza, vituo vitatu na dakika 10 za watoto tu, huku daftari likipumzika. Ukiendelea na vituo baada ya hapo, fungua ukurasa mpya kwa zile siku 7. Barua ya kwanza iandike mwezi wa pili. Mwisho wa mwezi wa tatu usijiulize kama una furaha. Angalia vitu vinavyohesabika: karatasi ya mfukoni ina maneno mangapi kwa wiki, unasinzia haraka kuliko zamani au la, watoto wanakuita mchezoni bila wewe kujipeleka, na ulikwenda kwa bosi au hukwenda. Daftari likiwa bado zito wakati mengine yamesogea, liache bila majuto. Baadhi ya watu hushukuru vizuri zaidi kwa mdomo kuliko kwa kalamu, na vituo na barua vitakutosha. Lakini kama hakuna hata kimoja kilichosogea, rudi kwenye yale maswali niliyokuuliza mwanzo, na safari hii umwone daktari hata kama unadhani hayakuhusu.

Shangazi